Nimepewa ualimu wa kwaya ya chuo, wa zamani hawataki mabadiliko. Naombeni ushauri

Binti_Isevya:
Wakubwa shikamooni, wengine habari za leo.

Nasoma ualimu hapa Tabora mjini. Kwaya yetu ilibebwa na mwaka wa pili waliomaliza, na walipoondoka besi, ile sauti nzito ya wanaume, nayo ikaondoka. Kwenye uchaguzi nikapewa ualimu wa kwaya. Mimi naimba sauti ya pili, ni msichana, na humo kwayani wapo ninaowaamkia.

Wasichana wapo wa kutosha. Wanaume wa sauti ya tatu ni watatu, wa besi wawili, na mmoja wao huja akijisikia. Mwaka wa kwanza wanataka kinanda na nyimbo za kuchangamka. Wengi hawasomi solfa (nota za herufi d, r, m, f, s, l, t), wanashika wimbo kwa kusikiliza kwenye simu. Wenzangu wa mwaka wa pili wanasema kwaya hii ni ya nota, sauti nne, bila chombo, anayetaka biti akatafute bendi. Tunakutana saa 10 jioni chini ya miembe, na muda mwingi unaishia kwenye mabishano. Mahafali yanakaribia na mlezi anataka nyimbo tatu. Niwe mkali, au nipigishe kura?

Kiroboto:
Achana na wazee wa solfa. Weka biti kwenye flashi, chomeka, maisha yaende.

Besi_Mstaafu:
Umeme ukikatika katikati ya mahafali hiyo biti utaipiga kwa mdomo, Kiroboto?

Marahaba mwanangu. Kura usipigishe. Ukipiga kura ya nyimbo, walioshindwa watakuja mazoezini kufungua midomo tu bila kutoa sauti, nimeyaona hayo. Angalia kwanza una sauti gani, ndipo uchague wimbo. Kwa wanaume watano huna sauti nne, hata wa zamani waseme nini. Panga sauti tatu: ya kwanza, ya pili, na wanaume wote waimbe sauti moja. Siyo kushusha hadhi. Sauti tatu zilizokaa sawa zinapendeza kuliko nne ambazo moja inatafutwa.

Halafu doh, ile nota ya msingi inayoonyesha wimbo uimbwe juu kiasi gani. Juu ya karatasi zenu bila shaka pameandikwa doh G, kwa sababu ya wale masoprano (wa sauti ya kwanza) waliomaliza. Uzuri wa solfa ni kwamba doh inahama: badilisha herufi ile tu, nota zote zinabaki kama zilivyo. Shusha hadi F. Usifike E flati, maana soprano watafurahi lakini s (soh) ya chini ya besi itakuwa mnong'ono kwa vijana wa umri huo.

Mama_Kinanda:
Nakubaliana na kaka hapo juu kwenye nota. Ila shida ya huyu binti naiona iko kwenye uongozi.

Mdogo wangu, mbona mabishano ya aina ya nyimbo yanafanyika mazoezini? Una mwenyekiti, una katibu, una mlezi. Hayo yapelekwe kwenye kamati, wewe ukifika pale miembeni ufundishe tu. Mwalimu wa kwaya anayeita majina, anayekusanya hela za sare na kusuluhisha ugomvi, wimbo ataufundisha saa ngapi?

Yule anayepinga kwa sauti kubwa kuliko wote mpe kazi. Awafundishe wapya solfa kabla ya mazoezi, wimbo mmoja mfupi tu. Kama anaipenda kweli ataifanya vizuri. Kama alikuwa anapenda kubisha, mtajua mapema.

Na kumbuka kwaya ya chuo si kwaya ya parokia. Parokiani mtu anaimba besi mpaka anapata wajukuu. Kwenu watu wanapita, na mazoezi ya kufundisha yakianza mnatawanyika mashuleni. Kila sauti iwe na viongozi wawili, wa mwaka wa kwanza na wa mwaka wa pili. La sivyo mwakani atakuja mwingine hapa kuuliza swali hili hili.

Mha_wa_Mwandiga:
Niko Kigoma huku, naingilia kidogo. Hao wanaoilinda solfa kama mila ya mababu waambieni ilitungwa Uingereza karne ya 19. Sarah Glover wa Norwich ndiye aliyeianzisha, mchungaji John Curwen akaiboresha na kuieneza, wamisionari wakaja nayo. Nayo iliwahi kuwa kitu kipya hapa.

Na wanaodhani chombo kinaua sauti wasikilize kwaya ya Barabara ya 13 Ulyankulu, mkoani kwenu huko huko. Ulyankulu ni makazi ya waliokimbia Burundi mwaka 1972. Wamepiga magitaa na sauti zikabaki zimepangwa.

Kiroboto:
Kwa hiyo nilikuwa sahihi.

Mama_Kinanda:
Hapana. Magitaa yanapigwa na watu, wanamfuata mwimbaji. Flashi haimsubiri mtu.

Binti_Isevya:
Asanteni sana. Jana tulikaa na mwenyekiti na mlezi. Nyimbo mbili zitaimbwa bila chombo, sauti tatu, doh F. Wa tatu tutaweka kinanda, na mpigaji ni kijana wa mwaka wa kwanza. Yule kaka mbishi amekubali kufundisha solfa, ingawa kwa kununa.

Swali la mwisho. Tukijaribu kwa F, kuna mahali wanaume wanashuka mpaka s ya chini na haisikiki. Nirudishe doh G?

Besi_Mstaafu:
Usirudishe, soprano watapiga kelele. Hapo wanaume waimbe s ya juu yake badala ya ile ya chini, ni nota ile ile. Waandikie kwa penseli, kila mtu kwenye karatasi yake, maana ukiwaambia kwa mdomo watasahau siku ya mahafali. Na yule wa kinanda mwambie mapema kwamba ni doh F, vijana hao wamezoea kupigia C.