Mkopo wa Bodi, mkopo wa benki au "nusu ufadhili" wa India: mdogo wangu ashike kipi?

DadaWaTabata

Habari zenu wakuu. Naomba mnisaidie kufikiri, maana nimehesabu peke yangu mpaka kichwa kinauma.

Mdogo wangu wa mwisho amemaliza kidato cha sita, PCM (fizikia, kemia na hisabati), daraja la pili. Baba alifariki 2016, mama anauza chapati na maharage Barakuda, kwa hiyo mzazi wa ada ni mimi. Kijana anataka uhandisi wa umeme, miaka minne, chuo cha umma hapahapa Dar. Ada inakaribia 1,500,000 kwa mwaka. Chakula na malazi bado hujagusa.

Mimi ni mwalimu wa shule binafsi. Mshahara kabla ya makato ni 680,000. NSSF wanachukua 68,000, kodi 38,400, Bodi ya Mikopo 102,000. Nabaki na 471,600. Hiyo 102,000 ndiyo inayoniuma. Nilisoma kwa mkopo wa Bodi, nikaanza kukatwa 2017, na miaka ya mwanzo nilikuwa nikiangalia salio naona kama najaza maji kwenye pakacha. Sitaki na huyu aanze maisha akiwa ameshikwa shati.

Sasa kuna njia tatu. Bodi. Au nikope mimi benki milioni 10 kwa miaka mitatu nimsomeshe mwenyewe, afisa mikopo kasema riba ni asilimia 16 inayoshuka na salio. Au kuna wakala mmoja mwenye ofisi Posta, anasema kijana amepata "ufadhili wa asilimia 50" kwenye chuo fulani India. Ada ni dola 3,000 kwa mwaka, sisi tutalipa 1,500 tu, ila tupeleke dola 300 za kushikilia nafasi kabla ya Ijumaa.

Mama amelipenda la India. Wateja wake wote wameshajua.

Mngekuwa ninyi mngefanyaje?

Bumu_Limeisha

Bodi dada, wala usijiulize mara mbili. Niko mwaka wa tatu. Bumu, yaani hela ya Bodi ya chakula na malazi, ni 10,000 kwa siku, linaingia kwa mafungu ya siku 60, yaani 600,000. Kusema ukweli siku ya 35 mimi nimeshaanza kumpigia shangazi. Lakini bila hilo ningekuwa nyumbani Kilosa nachunga.

Kitu kimoja ajiandae nacho: si kila mtu anapewa ada yote. Wanapima uwezo wa familia. Mimi nilipewa sehemu ya ada, iliyobaki nikaitafuta kwa kuchapisha kazi za wenzangu. Rafiki yangu ambaye ni yatima alipewa karibu kila kitu. Huyo mdogo wako baba hayupo, cheti cha kifo mnacho?

Injinia_Mtarajiwa

Kwa nini asijaribu Samia Skolashipu? Ile hairudishwi hata senti, ilianza 2022/23 na ni ya masomo ya sayansi.

DadaWaTabata

@Injinia ile ni ya waliofaulu juu kabisa kidato cha sita. Huyu wetu ni daraja la pili, fizikia ilimvuta mguu. Tumpongeze hivyohivyo.

@Bumu cheti cha kifo kipo, kiko kwenye sanduku la mama.

MzeeWaRangiTatu

Mwanangu, nimekaa kwenye uhasibu miaka 31, sasa nimestaafu nafuga kuku Mbagala. Hebu tushike kalamu.

Benki kwanza. Milioni 10, asilimia 16 inayoshuka na salio, miezi 36: rejesho ni kama 351,600 kila mwezi, na mwisho wa safari utakuwa umelipa takriban 12,657,000. Toa 351,600 kwenye 471,600 zako, unabaki na 120,000. Kodi ya nyumba ulipe, nauli utoe, mama akiugua umpeleke hospitali, yote kwa 120,000. Isitoshe benki nyingi haziruhusu ubaki na chini ya theluthi ya mshahara, ambayo kwako ni kama 226,000. Huyo afisa aliyekuambia inawezekana, mwambie akuandikie kwenye karatasi uone kama kalamu yake ina wino. Mwaka 2022 NMB na Wizara ya Elimu walizindua mikopo ya elimu ya riba ya asilimia 9, hiyo ni nafuu, lakini hata kwa riba hiyo milioni 10 kwa miaka mitatu ni rejesho la 318,000. Bado huwezi. Na benki inaanza kukata mwezi unaofuata, kijana hajajua hata mlango wa maktaba uko wapi.

Sasa Bodi. Wewe una hasira na mkopo wa zamani. Kilichokuwa kinafanya salio lisishuke ni ile asilimia 6 ya kila mwaka ya kulinda thamani ya fedha. Ilifutwa 2021, ikaondoka pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa wachelewaji. Siku hizi anadaiwa alichokula, na asilimia 1 ya uendeshaji. Tuseme amepewa vyote: ada milioni 6 kwa miaka minne, chakula na malazi 9,600,000. Jumla 15,600,000, na asilimia moja yake ni 156,000. Linganisha hiyo 156,000 na milioni mbili na nusu na ushee unazotaka kuwapa benki kama riba.

Sikufichi, ni deni refu. Akiajiriwa kwa mshahara wa 900,000 atakatwa asilimia 15, yaani 135,000, karibu miaka kumi. Akijiajiri ni asilimia 10 ya kipato na isiwe chini ya 100,000 kwa mwezi. Lakini marejesho yanaanza miaka miwili baada ya kuhitimu, na anayekatwa ni yeye mwenye cheti. Wewe utabaki na 102,000 yako ya sasa mpaka uimalize.

India nitasema kidogo. Hiyo ni nusu ya bei ambayo wameipanga wao. Chakula, hosteli, viza na tiketi havina nusu. Dola ikipanda, ada imepanda bila chuo kuongeza chochote. Na mkopo wa Bodi haumfuati huko.

MamaWawili_Kigamboni

Shikamoo mzee, umemaliza. Niongeze la India maana limenipitia mimi.

Mtoto wa dada yangu alikwenda kwa njia hiyohiyo ya nusu. Mwaka wa kwanza sawa. Mwaka wa pili tukaambiwa ule ufadhili ulikuwa na masharti ya wastani wa alama, na yeye kashuka kidogo, kwa hiyo ada sasa ni nzima. Tulitafuta hayo masharti, kumbe yalikuwa ukurasa wa mwisho wa barua kwa maandishi ya sisimizi. Tuliuza kiwanja cha Kibada, dada. Kijana alimaliza, lakini kila nikipita pale naona nyumba ya mtu.

Wakala muulize amesajiliwa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu? Halafu wewe mwenyewe kiandikie chuo barua pepe, usipitie kwake. Hiyo "kabla ya Ijumaa" ndiyo inanitisha kuliko dola 300 zenyewe.

Na tafadhali, pengo la ada likibaki usikimbilie kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kali. Jirani yangu alichukua laki tatu, wakaja kubeba friji mchana kweupe, na samaki ndani.

Lingine: angalieni majina SASA. Kwangu cheti cha kuzaliwa kilisema Ramadhani, cha kidato cha nne kikasema Ramadhan, bila i. Tulipoteza wiki mbili kwa herufi moja.

DadaWaTabata

Jamani. Nimesoma yote kwa mama, nikiwa nimekaa kwenye ndoo pale kibandani kwake. Kwenye friji na samaki alicheka, kwenye kiwanja cha Kibada akanyamaza. Baadaye akasema, "Basi wateja nitawaambia viza imegoma."

Mzee shikamoo, na asante. Nilikuwa sijawahi kukaa nikatenganisha hasira yangu na hesabu. Nimeangalia hati zangu za mshahara za nyuma, ni kweli, baada ya 2021 salio limekuwa likishuka kama deni la kawaida. Nilishaacha kuliangalia tu.

Wakala nimempigia kumuuliza usajili wa TCU. Kasema atanipigia. Ijumaa imepita.

Benki nimeiacha. Mpango wangu sasa: ajaze ya Bodi, na mimi nianze kuweka 60,000 kila mwezi kwenye SACCOS ya shule, ili akipewa ada pungufu kama Bumu tusikimbizane. Najua 60,000 ni ndogo, lakini kwa mwaka ni 720,000, karibu nusu ya ada.

Majina tumeangalia. Cheti cha kifo cha baba kina majina mawili, cha kuzaliwa cha kijana kinamtaja baba kwa matatu. Jumatatu naomba ruhusa niende RITA, wale wa vyeti vya vizazi na vifo, kuhakiki vyote viwili. Fomu inataka pia mhuri wa serikali ya mtaa, na mwenyekiti wetu kumpata ni mpaka umvizie baada ya swala ya magharibi.

Bumu_Limeisha

Usisahau ile 30,000 ya maombi, na mdhamini awe na kitambulisho cha NIDA mkononi, asiseme kiko Singida. Wangu kilikuwa Singida.

DadaWaTabata

Mdhamini ni mimi, kitambulisho kiko kwenye pochi. Namba ya malipo tayari, 30,000 nalipa leo jioni. Kijana anauliza kama ni lazima asaini kwa kalamu nyeusi, maana aliyonayo ni ya kijani.

MzeeWaRangiTatu

Mnunulie kalamu, mwanangu.