Tupeane uzoefu: Mwisho wa kiangazi kwenye miji ya pwani ya Ufaransa, watalii wakishaondoka

MtuWaPangani
Wakuu, heshima kwenu. Wengi wetu tulioko Ufaransa hukimbilia baharini Julai na Agosti kwa kuwa ndiyo likizo. Mimi nasema utamu wenyewe huanza shule zikifunguliwa, mwanzoni mwa Septemba. Familia zimerudi Paris, bei za vyumba zimeshuka, na bahari bado haijapoa, kwa sababu maji huchelewa kupata joto na huchelewa kulipoteza.

Mji wangu ni Saint-Malo, Bretagne. Naishi Rennes, treni ya mkoa haimalizi saa moja. Mliokulia pwani mtanielewa haraka: kwetu bamvua likija, maji hupanda na kushuka kama mita nne. Saint-Malo yanaweza kupita mita 12. Asubuhi mawimbi yanapiga ukuta wa mji wa kale. Adhuhuri bahari imekwenda zake, unatembea kwa miguu hadi kisiwa cha Grand Bé, alikozikwa mwandishi Chateaubriand chini ya msalaba usio na jina.

Ninachokipenda kuliko vyote ni bwawa la Bon-Secours, chini ya ukuta. Ni la tangu miaka ya 1930. Maji yakipwa, bwawa linabaki limejaa maji ya chumvi. Yakijaa, bahari inalimeza lote, unabaki mnara wa kurukia peke yake katikati ya maji. Agosti watoto hupanga foleni kwenye ngazi za mnara ule. Septemba wanabaki wenyeji. Kuna bibi mmoja huja na kofia yake ya mpira, anaweka viatu juu ya jiwe lile lile, anaogelea polepole kwenda na kurudi, anajifuta, anaondoka. Maji ni nyuzi 18 hivi. Kwa mtu wa Pangani ni baridi kweli, lakini ukishajitosa mwili unakubali. Jioni jua linazama kwenye saa mbili na nusu usiku, na bado mtu amekaa ukutani bila koti.

Haya, tupeane uzoefu. Mji gani, na mlifanya nini siku ambazo hakukuwa na la kufanya?

MamaMapacha
Asante kwa mada, ndugu yangu. Mimi ni Mkenya, nalea wazee Toulouse. Mama ninayemtunza hupenda kupelekwa Collioure kila Septemba, karibu na mpaka wa Uhispania, nami nafuatana naye. Wachoraji Matisse na Derain walichora pale kiangazi cha 1905, na ukiona ile bahari na zile kuta za waridi unajua kwa nini rangi zao zilikuwa kali vile.

Ratiba yetu ni ndogo. Asubuhi kahawa mbele ya kanisa ambalo mnara wake wa kengele zamani ulikuwa taa ya kuongozea meli. Halafu anakaa kivulini kuwatazama wazee wakicheza pétanque, mchezo wa kurusha matufe ya chuma, na yeye anajua nani atashinda kabla tufe halijarushwa. Wakati huo huo kule milimani wanavuna zabibu. Miteremko ni mikali, imejengwa matuta ya mawe, mashine haziwezi kupita, kwa hivyo ni mikono na makasi. Jioni unawaona wavunaji wanashuka, vidole vimekuwa vyeusi.

Kitu kingine ni anchois, samaki wadogo jamii ya dagaa. Wanalazwa kwenye chumvi kwa miezi, kisha wanawake wanawachambua mmoja mmoja: wanafungua kwa kidole gumba, wanatoa mwiba, wanapanga minofu. Tulisimama kuwatazama hadi Madame ninayemtunza akaomba kiti, akaletewa.

Tahadhari moja: upepo wa tramontane ukivuma, anga linakuwa safi kabisa lakini bahari inapoa ghafla, kwa sababu upepo husukuma maji ya joto ya juu yaende mbali na ya chini yanapanda. Jana mliogelea vizuri, leo hamwezi kutia mguu.

BabaBukavu
Jambo wandugu. Miye niko Rouen, na bahari yetu ni Dieppe. Niseme ukweli, si kila mtu atapenda. Pwani ni mawe matupu, ya mviringo, unahitaji viatu. Jumatatu milango mingi imefungwa. Mwaka mmoja tuliweka chumba mapema, tukafika tukakuta mwenyewe amekwisha kufunga kwa msimu na hakuarifu mtu.

Lakini soko la Jumamosi linanirudisha kila mara. Samaki, jibini, tufaha za kwanza za Normandie. Na sauti ya yale mawe wimbi linapoyavuta, hiyo sijaisikia kwingine. Pia nilienda na watoto kwenye makaburi ya wanajeshi wa Kanada. Tarehe 19 Agosti 1942, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, walishushwa pale karibu 5,000, zaidi ya 900 wakauawa. Ufuo ule ule watu wanaolalia taulo. Watoto walisoma umri ulioandikwa mawe kwa mawe, hatukuharakishana.

ShangaziVikokotoni
Mashallah, mmenitamanisha. Mimi nakuja na wajukuu. Waokoaji wapo Septemba?

MtuWaPangani
Shikamoo shangazi. Sehemu nyingi huondoka mwisho wa Agosti, nyingine hubaki hadi katikati ya Septemba. Angalieni bendera: kijani, njano, nyekundu. Ikiwa hakuna bendera, basi hakuna anayelinda, wajukuu wasiachwe peke yao.

KijanaWaMontpellier
Wakuu, mmesahau Sète, mji wa bandari karibu na Montpellier! Sikukuu ya Saint-Louis, kama tarehe 25 Agosti: mashua mbili, nyekundu na ya bluu, mtu amesimama juu ya jukwaa nyuma ya kila moja na mkuki na ngao, wanasukumana hadi mmoja aanguke mferejini. Wiki moja baadaye mji uko kimya. Nenda hapo, nunua tielle, mkate wa duara uliojazwa pweza na nyanya yenye pilipili. Uleni ukiwa vuguvugu, mmekaa kando ya mfereji. Mtu wa pwani ya kwetu hahitaji kuelekezwa pweza ni nini.

ShangaziVikokotoni
Marahaba mwanangu Pangani. Na hayo maji ya Saint-Malo, nitajuaje siku ya bamvua?

MtuWaPangani
Shangazi, ofisi ya utalii wana kijitabu cha maji kujaa na kupwa. Kila siku ina namba, kuanzia 20 hadi 120. Ndogo ni maji mafu, yaani yanapanda na kushuka kidogo. Ikipita 100 ni bamvua kubwa, na makubwa zaidi ya majira haya hutokea karibu na tarehe 22 Septemba. Siku ya bamvua msiende Grand Bé bila kuangalia saa. Njia ikifunikwa mtasubiri huko kama saa sita. Nendeni ukutani nusu saa kabla maji hayajajaa, upande wa Sillon, ufuo mrefu ulio nje ya mji wa kale, na mbebe nguo za kubadilisha wajukuu, maana wimbi linaruka hadi barabarani.