Watu wa makundi ya walio wachache wanajiunga na chama chetu cha kisayansi alafu wanapotea, tunakosea wapi?

jiwe_la_maabara: Wakuu habari za humu. Nipo kamati ya uanachama ya chama kimoja cha wanasayansi, jina naliacha. Miaka mitatu sasa tunahangaika kuvuta watu wa makundi ya walio wachache, ada ya wanafunzi tumeshusha, picha zao tumejaza kwenye tovuti, kila mkutano mkuu kuna kikao cha ujumuishaji ambacho kinapangwa muda wa lunchi na wanakuja walewale wasiohitaji kuambiwa. Wanajiunga wakiwa wanafunzi, mwaka unaofuata hawalipii tena. Ukija kwenye tuzo na uongozi ndo usiseme, sura moja tu. Mwenyekiti jibu lake ni moja, "majina hayaletwi". Sasa tufanyeje?

darubini77: Mkuu hapo kwenye "majina hayaletwi" ndo kuna ugonjwa wenyewe. Mtu hajipendekezi, anapendekezwa na mtu anayemjua, na wakubwa wanawajua waliowafundisha wao na waliokula nao meza moja kwenye makongamano. Mwaka 2021 kamati ya wataalamu wa barafu kwenye American Geophysical Union, chama cha Marekani cha wanasayansi wa dunia na anga, iliangalia orodha ya waliopendekezwa kupewa heshima ya juu ya chama, wote wanaume weupe. Wakagoma, hawakupeleka jina hata moja. Kelele zilipigwa kweli, lakini angalau swali likahamia kwa wanaopendekeza badala ya wasiopendekezwa. Nyie undeni kakikundi ka watu wanne watano kazi yao iwe KUTAFUTA majina mwaka mzima, siyo kukaa kusubiri barua.

Mzee_wa_Data: Najua nitashambuliwa ila nasema. Chama cha sayansi kipime kazi ya mtu basi. Tukianza kuhesabu nani katoka kundi gani tutapoteza heshima ya hizo tuzo zenyewe.

darubini77: Mzee wangu, kwa heshima zote, hiyo "kazi tu" imewahi kutumika lini? Hertha Ayrton, mwanafizikia mwanamke, jina lake lilipelekwa Royal Society, chama kikuu cha sayansi Uingereza, mwaka 1902, ikaonekana kisheria mwanamke aliyeolewa hawezi kuwa mwanachama. Mwaka 1906 chama hichohicho kikampa medali ya Hughes! Yani kazi wameiona, wameisifia, mwenyewe abaki nje. Chama cha tangu 1660 wanawake wa kwanza wameingia 1945. Na kama kweli unataka kazi ipimwe peke yake basi ficha majina, wenzetu wa Hubble, ile darubini iliyo angani, walifanya hivyo 2018 kwenye maombi ya muda wa kutumia darubini, na raundi hiyo maombi yaliyoongozwa na wanawake yakapita kwa kiwango cha juu kidogo kuliko ya wanaume.

Mzee_wa_Data: Hiyo ya kuficha majina nakubaliana nayo. Ndo nilichokuwa nasema.

binti_kemia: Mie ni mmoja wa hao mnaotuweka kwenye picha 😂 ngoja niseme ukweli. Nilipojiunga na chama changu wa kundi langu tulikuwa wawili, mwaka huohuo nikapewa kamati nne, zote za ujumuishaji, hakuna hata moja ya fedha wala ya kuchagua wasemaji wakuu, kule kwenye maamuzi sikuwahi kuitwa. Wenzangu wanaandika papers mimi naandika minutes, alafu ikifika kupanda cheo naulizwa machapisho yako wapi. Na ile habari ya "lipa nauli na hoteli kwanza tutakurudishia", jamani, mie mwanafunzi nitoe wapi? Hela yangu ilirudi baada ya miezi minne. Mkitaka watu wabaki, kateni tiketi nyie wenyewe kabla.

Kitu kingine, msije mkaenda kwa SACNAS (chama cha Marekani cha wanasayansi wa asili ya Kilatino na Wenyeji wa Amerika) au National Society of Black Physicists (cha wanafizikia weusi) na meza ya kugawa kalamu mkasema mmeshirikiana. Hivi vyama vipo toka miaka ya 70, vilianzishwa maana kule kwenye vyama vikubwa watu walikuwa wapweke. Nenda na ombi la maana, waambie tunataka majina ya wasemaji wakuu, na mmoja wenu akae kamati ya tuzo mwenye KURA.

jiwe_la_maabara: Asanteni, dada umenigusa pabaya, sisi pia ni lipa kwanza tutakurudishia. Wiki ijayo tuna kikao, napeleka mawili tu, la tiketi na la kikundi cha kutafuta majina. Kuficha majina kwenye tuzo sijui itawezekanaje maana barua ya kumpendekeza mtu imejaa habari zake, ila kwenye mukhtasari wa mada ambazo watu wanaleta mkutanoni tunaweza kuanza. Mhasibu najua atanikalia kooni. Nitaleta mrejesho.

binti_kemia: Mhasibu muulize tiketi ya msemaji mkuu huwa inakatwa na nani.