Kirare ni mjini au shamba?

Wadau, hivi Kirare mnaihesabu mjini? Ipo ndani ya Jiji la Tanga ila ukishuka bodaboda ni minazi, mihogo na mbuzi wa watu barabarani, sasa mji gani huo

> Angalia kiongozi wenu. Mwenyekiti wa mtaa, kiserikali mko mjini. Wa kijiji ndo kijijini, na ardhi inaenda na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, hati mnapata ya kimila. Mihogo haihusiki

> Mkuu hayo ya makaratasi, wengine wanaangalia watu wamebanana vipi na wanakula kwa kazi gani, jembe au duka

> Mie nipo Tongoni, nako ni Tanga hiyohiyo, jiji tangu 2005, ila gari la mwisho likikuacha stendi unalala kwa shemeji 😂