Oto ya NZE imenichosha, nataka kutia manuali. Walioko Malindi nisaidieni

Mwana wa Barani
Assalaam aleikum wadau, hamjambo nyote.

Niko Malindi. Gari langu ni Corolla NZE 121, injini ya 1NZ, giaboksi ya oto inayojibadilisha yenyewe, gia nne. Siku hizi halinipi raha. Asubuhi nikitia D linatulia kwanza, halafu linaruka mbele kwa kishindo. Likishashika moto, kutoka gia ya pili kwenda ya tatu injini inavuma tu na mwendo hauongezeki. Juzi natoka Mambrui na abiria, kabla sijafika daraja la Sabaki, taa ya O/D OFF, ile ya kufunga gia ya nne, ikaanza kuwaka na kuzima yenyewe wala sijagusa kitu. R nayo inaingia ikitaka.

Fundi ameniambia giaboksi imekwisha. Anasema kwa joto na chumvi ya huku pwani oto haidumu, bora ing'olewe itiwe manuali ya Probox nisahau habari hii. Mtu mwengine ananiambia niende Mombasa nitafute oto nyengine iliyotumika Japani. Moyo wangu uko kwa manuali. Kuna aliyefanya hivi? Silali, jamani. Gari hili ndilo riziki.

Kinyozi wa Maweni
Waaleikum salaam. Weka manuali ulale usingizi. Marehemu baba alikuwa na Peugeot 504, gia zake ziko kwenye usukani, na enzi hizo Kilifi ilikuwa kivuko, daraja halikuja mpaka 1991. Alikuwa anapanga foleni ya feri na samaki nyuma, barafu inayeyuka, na gari halijui kuugua. Klachi ikiisha anatia nyengine mwenyewe chini ya mwembe. Nyinyi vijana mmeletewa magari ya kulala.

Tanga Pwani
Mkuu, kabla ya yote. Mafuta ya giaboksi ukivuta kijiti yana rangi gani? Yananuka kuungua?

Mwana wa Barani
Shukran Kinyozi, ndivyo ninavyosema hata mimi. Je, bei ya kazi nzima ya kugeuza ni ngapi huko kwenu?

Msafiri Watamu
Uza, nunua tuktuk. Malindi hii mgeni anataka tuktuk, teksi anaogopa bei.

Spana ya Majengo
Tanga Pwani amekuuliza swali la maana ukaliruka. Mimi ni fundi, nakueleza taratibu.

Kugeuza NZE kunawezekana, kwa sababu injini ya 1NZ ilitoka na manuali pia, na Probox ya 1500 ni injini hiyo hiyo. Lakini giaboksi ni mwanzo tu. Unahitaji flaiwili, klachi pleti, presha pleti, na bolti zake, maana za oto ni fupi. Unahitaji pedali ya klachi na silinda zake mbili, ya juu na ya chini. Ukuta wa nyuma ya injini utobolewe pale inapopita silinda. Kebo za gia, mkono wa gia, mauntingi, ekseli zipimwe. Halafu waya: oto haikubali kupiga stata isipokuwa uko P au N, kwa hiyo swichi ile inadanganywa. Taa za rivasi zinaunganishwa upya. Kompyuta ya gari itaendelea kutafuta solenoidi, vali za umeme za oto, ambazo hazipo, na taa ya injini itawaka mpaka utafute kompyuta ya manuali. Akikwambia ni kazi ya siku moja, ujue utaondoka na nusu ya kazi.

Na hiyo O/D OFF inayowaka na kuzima inamaanisha gari limeandika kosa ndani. Kuna soketi chini ya usukani. Tundu la 4 na la 13 ukiziunganisha kwa waya halafu ukawasha swichi bila kupiga stata, taa hiyo hiyo itakuhesabia namba ya kosa. Huenda ni solenoidi moja au sensa ya mwendo. Fundi wako alisoma namba?

Mwana wa Barani
Hakusoma, lakini ni fundi wa miaka mingi, anajua kwa kusikia. Mafuta si mekundu sana.

Tanga Pwani
"Si mekundu sana" ni rangi gani, mkuu? Meusi? Kahawia?

Mwana wa Barani
Kama chai ya maziwa hivi.

Spana ya Majengo
Hapo sasa. Hayo ni mafuta yaliyoingia maji. Mafuta yaliyoungua huwa meusi na hunuka. Yakiwa na maziwa maziwa, maji yameingia, na njia ya karibu zaidi ni rejeta. Gari la oto, mafuta ya giaboksi yanapita ndani ya rejeta, chini, yapoe. Kibomba cha ndani kikitoboka, maji yanaingia kwenye giaboksi na mafuta yanaingia kwenye maji. Zile pleti za ndani zimegandishwa kwa gundi, na gundi na maji haziwezani. Ndipo gari linateleza kutoka pili kwenda tatu.

Rejeta unatia maji gani?

Mwana wa Barani
Ya kisima cha nyumbani kama kila mtu mtaani kwetu. Kuna watu wanayatia miaka nenda miaka rudi na magari yao mazima.

Spana ya Majengo
Hao wengi wana manuali, bwana. Rejeta yao ikitoboka inamwaga chini, wanaiona. Yako imemwaga ndani. Visima vya huku karibu na bahari vina chumvi, inakula rejeta kimyakimya. Ukitia oto nyengine leo ukaacha rejeta hiyo, nayo itakufa vilevile. Kwa hiyo usiseme oto haidumu pwani.

Mama Shani
Nyinyi mnazungumza vyuma. Mimi nauliza la watu. Nyumbani nani mwengine huendesha gari hilo? Maana leseni ya B1 ni ya oto peke yake. Mimi mume wangu alibadilisha gari bila kuniuliza, nikakaa na B1 yangu nikipanda bodaboda na mtoto mgongoni hadi nilipokwenda kufanya mtihani wa B2. Mwenyezi Mungu anasikia, nilinung'unika.

Mwana wa Barani
Mama Shani, leseni yangu mimi hainizuii.

Mama Shani
Sikukuuliza yako, mwanangu.

Mzee wa Amu
Huku Lamu tumepumzika na haya. Punda akikataa kwenda, unamngoja. Nyinyi wa bara mna tabu.

Kinyozi wa Maweni
Malindi ni bara tangu lini mzee? 😂

Tanga Pwani
Turudi kwenye uzi. Mwana wa Barani, jibu swali la mama.

Mwana wa Barani
Sawa. Logibuku ina jina la dadangu. Yeye ni mwalimu, alikuwa akienda nalo shuleni Gongoni asubuhi, akirudi ananikabidhi nafanya abiria mpaka usiku. Mguu wake wa kushoto ulipata polio utotoni, hauna nguvu, ndiyo sababu tukanunua oto. Lakini tangu gari lianze kusumbua haliendeshi tena. Mimi ndiye nampeleka na kumrudisha, na sijalalamika hata siku moja. Hajakataa manuali. Hajaambiwa bado kwa sababu ana mitihani ya kusahihisha, sitaki kumtia fikira. Mafuta, tairi, bima, vyote natoa mimi. Na fundi nimeshampa arubuni, giaboksi ya Probox iko gereji. Nilichoomba ni ushauri wa kugeuza, si kuhukumiwa.

Mama Shani
Subhanallah.

Msafiri Watamu
Kwa hiyo unamnyang'anya mwenye gari gari lake halafu unatuuliza bei ya kazi. Nilisema tuktuk. Tuktuk klachi yake iko mkononi, hata dada angeendesha.

Jicho la Kilifi
Wadau, mnatiliwa maji na mnayanywa. Someni kutoka juu. Mwanzo "gari langu", sasa la dada. R haiingii, lakini juzi alikuwa Mambrui na abiria, huko aligeuza vipi? Mafuta si mekundu, halafu chai ya maziwa. Kila akibanwa anazaa jambo jipya, mara polio, mara mitihani. Huyu ana giaboksi ya Probox anataka kuiuza. Kesho mtaona tangazo: "nimeghairi kugeuza, naachia kwa bei ya hasara." Mchezo huu naujua.

Kinyozi wa Maweni
Hata mimi nilishtuka pale kwa mitihani.

Mzee wa Amu
Mwaka fulani mtu alilia hapa kuwa jahazi la babake limezama Kiwayu, achangiwe. Baadaye ikajulikana hajawahi kukanyaga Kiwayu. Mimi nilikuwa nimeshamtumia.

Tanga Pwani
Jicho, giaboksi inayoanza kuteleza inachagua. Ikipoa inaingia R, ikishika moto inakataa. Hapo hajajipinga.

Mwana wa Barani
Jicho la Kilifi, Mungu akusamehe. Mambrui niligeuza kwa kuzunguka msikiti, hakuna haja ya R pale. Picha hizi hapa. Ya kwanza kijiti cha giaboksi, ya pili mdomo wa rejeta, ya tatu gari lenyewe gereji likiwa limeinuliwa. Nimefunika namba ya gari kwa sababu si yangu kuitangaza.

Spana ya Majengo
Nimeikuza picha ya kijiti. Maandishi ya T-IV yanaonekana, ndiyo mafuta ya giaboksi hiyo, na ncha ina povu jeupe. Mdomo wa rejeta una utando wa mafuta unaong'aa pembeni. Hii haitungwi kwa mdomo. Jicho, mimi naamini.

Jicho la Kilifi
Picha ya gari sikatai. Nakataa ya dada.

Mama Shani
Kama dada hayupo, hatujapoteza kitu. Kama yupo, kuna mtu Gongoni anasahihisha karatasi hajui kama gari lake linatobolewa. Mwana wa Barani, nenda ukamwambie leo kabla ukuta haujatobolewa. Acha mitihani yake, ni mtu mzima.

Spana ya Majengo
Na mwambie fundi ashushe sampu ya giaboksi, lile bakuli la mafuta chini yake, mbele yako. Ndani kuna sumaku. Ujiuji wa kijivu juu yake ni kawaida. Ukikuta vipande vya chuma, au gamba jeusi la pleti limebanduka na kuelea, oto hiyo haitengenezeki kwa kumwaga mafuta tu, tafuta nyengine. Atakayekwambia "flashi mara mbili itakaa sawa" anakula pesa yako.

Mwana wa Barani
Nimerudi. Sampu imeshushwa, gamba jeusi lipo, limejaa mpaka kwenye chujio.

Nimemwambia dadangu. Hakugomba. Aliniuliza jambo moja tu, ikishatiwa hiyo ya Probox yeye ataendesha kwa mguu gani. Sikuwa na jibu la kumpa.

Bado nasema kwa kazi ya abiria manuali ni bora, na siku nitakapopata gari langu halali nitanunua hiyo hiyo Probox. Lakini hili linarudi oto. Fundi amekataa kurudisha arubuni, amekubali kuihesabu kwenye kazi ya kutia oto. Giaboksi ya manuali nitairudisha nilikoinunua, wamesema watakata kidogo. Na Jicho, sitaweka tangazo hapa.

Swali langu la mwisho: rejeta ya NZE nitaipata Malindi, au nayo mpaka Mombasa?

Jicho la Kilifi
Haya. Msalimie mwalimu.

Spana ya Majengo
Anza Malindi, ulizia maduka ya spea mjini, NZE ziko nyingi. Lakini usilipe kabla ya kuigeuza uitazame chini. Ya oto ina midomo miwili midogo ya mabomba ya mafuta, ya manuali haina, na muuzaji asiyejua atakupa yoyote. Usichukue iliyotumika, huijui ilikunywa maji gani. Mabomba ya kwenda kwenye giaboksi yasafishwe, yasibaki na yale maziwa ndani. Mafuta yawe T-IV, yapimwe injini ikiwa inanguruma na imeshika moto, baada ya kupitisha mkono wa gia kila mahali na kurudi P. Na ndani ya rejeta tia kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, kisima waachie wa kufua.