Niliacha uraia wa nyumbani, nikapewa karatasi ya majina matatu na mmoja alishajitoa!

Wakuu, salaam. Hasira hii ninayo tangu Oktoba 24, 2025, siku ya uchaguzi wa rais wa Ireland, leo naitua hapa.

Mnajua sheria ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha. Siku niliyoapa kuwa raia wa Ireland, utanzania wangu wa kwenye makaratasi ukakoma, na usiku ule nililia. Nikajipa moyo kwamba angalau huku nitamchagua rais kwa mkono wangu, kwa penseli, 1, 2, 3 kama wanavyopanga wagombea wao.

Siku ikafika. Nafunua karatasi: Catherine Connolly, Heather Humphreys na Jim Gavin, basi. Na Gavin alishajitoa Oktoba 5! Uteuzi ulifungwa Septemba 24, jina likabaki, na watu zaidi ya 103,000 wakampa kura.

Lakini ugomvi wangu si na Gavin, ni na mlango. Katiba ya 1937 inataka mgombea apendekezwe na wabunge na maseneta 20, au apitishwe na halmashauri 4. Raia wa kawaida hana pa kutia sahihi. Chama cha Fine Gael kikawaagiza madiwani wake wasimpitishe mgombea mwingine. Maria Steen, aliyetaka kugombea, akaishia kupata sahihi 18 za wabunge na maseneta. Zimebaki mbili! Mimi na huyo mama hatuelewani karibu kwa lolote, na kura yangu asingeiona. Lakini nilitaka nimkatae mwenyewe, kwenye sanduku. Waliomkatalia mlangoni, nani aliwatuma wanichagulie?

Tena ni ugonjwa wa zamani. Mwaka 1938, 1952, 1974, 1976, 1983 na 2004 rais alipita bila kupingwa. Mara sita! Austria mgombea anatafuta sahihi za wapiga kura 6,000, Finland 20,000. Ireland inashindwa nini?

Kilichonichoma zaidi ni mjadala uliofuata. Kura 213,738 ziliharibika, karibu 13 katika kila 100, wakati mwaka 2018 zilikuwa 18,438 tu. Wachambuzi wengine wakamaliza hoja kwa kusema ni wabaguzi wa mrengo wa kulia. Wapo, sikatai, kuna karatasi zilizoandikwa maneno dhidi yetu wahamiaji na yaliniuma. Ila ninayefanya naye kazi, mtu mpole, mwenye mke Mkongo, naye aliiharibu yake kwa sababu hakumwona wa kumchagua. Huyo naye mbaguzi? Connolly alishinda kwa asilimia 63, nami nilimpigia, ushindi wake ni halali. Lakini waliojitokeza hawakufika nusu ya waliojiandikisha, na hilo halikupata hata robo ya maneno waliyomwagiwa walioharibu kura.

Sasa nyie mlioko huku na bado hamna uraia, sikilizeni. Kura ya diwani mnayo! Mkazi yeyote mwenye miaka 18, awe na pasipoti ya nchi gani, anaruhusiwa kujiandikisha kupiga kura ya halmashauri, na madiwani hao hao ndio wanaofungua au kufunga mlango wa urais. Uchaguzi wao ujao ni 2029. Mimi nimeshamwandikia diwani wangu nikimuuliza aliamriwa na nani, na kama ataamriwa tena. Walioko Cork, Limerick na Galway, wenu wamewajibu nini?