Naomba ushauri: siku moja Bangkok kutoka melini, nikiwa na mama mwenye maumivu ya magoti

Binti wa Tanga:
Wanajukwaa, habari za majukumu. Mwezi wa Februari, Mungu akipenda, nitamsindikiza mama yangu mwenye umri wa miaka 68 katika safari ya meli ya kitalii inayoanzia Singapore, ambayo wadogo zangu walioko Uingereza wamemlipia. Meli itafunga gati Laem Chabang, Thailand, saa 1 asubuhi, na abiria wote wanatakiwa wawe wamerejea saa 11:30 jioni. Mama anatamani sana kuyaona mahekalu ya Kibudha na mifereji ya Bangkok, lakini magoti yanamsumbua na ngazi ndefu hazimudu. Ziara inayouzwa melini inataja Kasri Kuu la mfalme, mahekalu ya Wat Pho na Wat Arun, na mifereji kwa siku hiyo hiyo moja, na bei yake kwa sisi wawili ni karibu mara tatu ya gari la kukodi. Je, nichukue gari? Kipi kiachwe? Na kwa kuwa sisi ni Waislamu, ningependa kujua kuhusu mavazi na mahali pa kuswali.

Baharia Mstaafu:
Binti, mpe mama shikamoo yangu. Kwanza elewa kwamba Laem Chabang si Bangkok. Ni bandari ya makasha iliyo zaidi ya kilomita 100 kutoka mjini, na mwendo ni kama saa mbili barabara ikiwa nyeupe. Mkitoka bandarini saa 2 mtafika saa 4, na mtu makini huondoka mjini saa 8 mchana, ili hata foleni ikimkuta abaki na muda wa akiba. Kwa hiyo siku yenu nzima ya Bangkok ni saa nne tu, pamoja na kula na kwenda msalani.

Mimi niliwahi kukodi gari kwa sababu hiyo hiyo ya bei. Dereva alitupitisha kwenye duka la vito ambalo hatukuliomba, tukapoteza karibu saa nzima, na tulipanda ngazi ya meli mabaharia wakiwa wameanza kuikunja. Aliyetoka kwa ziara ya meli akichelewa, meli humsubiri. Aliyetoka kivyake huachwa, naye hujilipia nauli hadi bandari inayofuata. Ukiwa na mzazi, lipa hiyo tofauti. Halafu msisahau vyeti vya chanjo ya homa ya manjano, kwa sababu Thailand huvidai kwa wasafiri wanaotoka nchi zetu.

Mama Nasra:
Naunga mkono, ila tafuta ziara isiyo na Kasri Kuu. Najua wengi watanipinga, kwani ndani yake mna Wat Phra Kaew yenye Buddha wa Zumaridi, sanamu ya jiwe la jedi yenye kimo cha sentimita 66 ambayo mfalme huivisha mavazi mapya kila msimu, mara tatu kwa mwaka. Lakini ni uwanja mpana wenye jua kali na umati mkubwa, na mama atachoka kabla ya saa sita.

Wat Pho ni ya kumfaa. Buddha Aliyelala ana urefu wa mita 46, na nyayo zake zimepambwa kwa magamba ya chaza yanayong'aa, zikiwa na alama 108. Ukutani pamepangwa mabakuli 108 ya shaba ambamo waumini hudondosha sarafu moja moja, na ule mlio mdogo wa sarafu hukufuata ukumbi mzima. Mimi sikudondosha, kwa kuwa ni sadaka ya ibada yao. Nilitazama kwa heshima, na hakuna aliyeniuliza. Mabega na magoti yafunikwe, kwa hiyo baibui na mtandio vinatosha kabisa. Viatu huvuliwa mlangoni, basi mama avae vya kuchomoa bila kuinama. Mwanamke hamgusi mtawa, na ukikaa chini usiielekeze miguu kwenye sanamu.

Wat Arun iko ng'ambo ya mto Chao Phraya. Ngazi za mnara wake ni za wima mno, asizipande. Vipande vya kauri vilivyopachikwa kama maua huonekana vizuri ukiwa chini.

Nilisoma Bangkok:
Niongezee kuhusu mifereji, maana watu huifanya nyongeza wakati ndiyo moyo wa mji. Khlong (yaani mfereji) Bangkok Yai na Khlong Bangkok Noi, upande wa Thonburi ulio magharibi ya mto, zilikuwa mto wenyewe, hadi ulipochimbwa mfereji wa mkato mwaka 1542 na maji yakahamia huko. Leo mtapita kati ya nyumba za mbao zilizosimama juu ya nguzo, kenge wakiota jua kandokando, na mbele ya mahekalu samaki wakigombania mikate wanayotupiwa.

Boti yenyewe ni nyembamba, na injini yake ya gari imefungwa juu ya mtaimbo mrefu wenye rafadha mwishoni. Kelele ni nyingi, na boti mbili zikipishana maji huruka. Kilicho kigumu kwa mama ni kushuka kutoka gati linaloelea hadi botini, kwa sababu vyote viwili hucheza. Nahodha atampa mkono. Mama akanyage katikati ya boti, asikanyage ukingo, kisha akae mara moja. Kuhusu sala, Khlong Bangkok Yai ina msikiti wa Ton Son, mmojawapo wa misikiti mikongwe kabisa mjini humo. Hata hivyo, kwa ziara ya kundi, ni rahisi zaidi mkachanganya Adhuhuri na Alasiri mkirudi melini.

Binti wa Tanga:
Nawashukuru nyote kwa dhati. Nimepata ziara ya meli yenye Wat Pho, kivuko cha kwenda Wat Arun na saa moja ya mifereji, bila Kasri. Mama amekubali, ila anauliza kama botini atakaa mbele au nyuma.

Nilisoma Bangkok:
Akae katikati. Mbele boti hudunda na nyuma kuna moshi wa injini.